Kichwa Nusu Juu ya Kabati

Leota Pruitt aliogopa kichwa. Nalisema wazi tangu mwanzo, maana kwenye klabu yetu ya viziwi watu humwona amekaa pembeni, uso mlangoni, mkono kooni, wakasema ana maringo. Hana maringo hata chembe. Ni mwoga, na woga wake naujua tangu siku ulipozaliwa, kwa sababu ulizaliwa pamoja na wangu kwenye dawati moja. Sasa tuna miaka zaidi ya sabini sote wawili, na nimechoka kuwavumilia wanaomsengenya, kwa hiyo naandika.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, mto Ohio ukipita chini yake. Mbele kulikuwa na nyumba kubwa ya mawe. Nyuma, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia nguo, kulikuwa na nyumba ya matofali yenye bomba refu la moshi. Nyumba ya mawe ilikuwa ya kusema kwa kinywa. Humo mtoto kiziwi alifundishwa kuongea kama wenye masikio, na mikono yake ilitakiwa ilale juu ya dawati isitikisike. Ukionekana unasema kwa mikono, rula. Mimi nilizaliwa sisikii. Leota masikio yake yaliondoka na homa kabla hajatimiza mwaka. Hatukuwa na habari neno linasikikaje, na hapo ndipo tulipoambiwa tulitengeneze.

Kichwa chenyewe kilikaa juu ya kabati la Mwalimu Prudden. Kilikuwa kichwa cha mtu, kimepasuliwa katikati kuanzia utosini hadi shingoni, ukaona yote ya ndani: tundu la pua, paa la kinywa, ulimi mwekundu mnene uliolala kama mnyama, na bomba la koo likishuka. Upande wa pili kilikuwa na shavu, sikio moja na jicho moja lililofumbwa. Mwalimu alikishusha kila asubuhi akakiweka mezani, akatuonyesha kwa kijiti pumzi inakopita.

Mwalimu Prudden hakuwa mtu mbaya. Imenichukua miaka hamsini kuandika sentensi hiyo. Alikuwa mwembamba, mvumilivu, mikono yake inanukia sabuni, na aliijua kazi yake. Alitufundisha kwamba kila sauti ni pumzi inayotoka mapafuni ikazuiwa njiani, na pale inapozuiwa ndipo sauti moja inapoachana na nyingine. Ukifunga midomo ukaifungua ghafla, hiyo ni P. Tuliijua kwa mshumaa. Ulikaa mbele ya mshumaa ukapasua midomo, na mwali ukiruka, umesema P. Leota aliurusha mwali siku ya kwanza mpaka ukazimika, akacheka.

B ilikuwa na midomo ileile, na kwenye kioo huwezi kuitofautisha na P hata ukikodoa macho siku nzima. Tofauti iko kooni. Mwalimu alichukua mkono wangu akaubandika shingoni mwake. Akasema P, kimya. Akasema B, kitu ndani kikatetemeka kama paka anayekoroma mapajani. Kumbe kooni kuna vikunjo viwili vya nyama, na vikikaribiana pumzi huvitikisa. M nayo huifungia pumzi kinywani ikatokea puani, na ukibana pua M inakufa. Ukilowesha mgongo wa mkono kwa mate ukasema S, unahisi baridi. Kwa T ncha ya ulimi hupanda ufizini, nyuma ya meno ya juu. Hayo yote niliyapata, kwa shida, lakini niliyapata.

K ndiyo iliyoniangamiza. K inatengenezwa nyuma kabisa, mgongo wa ulimi unapoinuka kugusa lile paa laini karibu na kilimi. Kwenye kioo huioni. Mshumaa haukuambii kitu. Mwalimu alichukua mpini wa kijiko, akaibana ncha ya ulimi wangu chini ili nyuma ipande yenyewe. Nikatapika uji. Akafuta, akarudia. Kila alipouondoa mpini, ncha ya ulimi wangu ilipanda kwenye ufizi kama iliyoitwa, nikasema T. Na jina langu ni Garnet Hoke, lina G mbele, ambayo ni K ileile yenye mtetemo, na K nyuma. Nilikuwa na miaka minane na siwezi kusema mimi nani.

Hofu hasa tuliletewa na Mavis. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyetufundisha ishara za mikono, kwa siri, kwenye chumba cha makoti, huku mmoja akilinda mlango. Siku moja Leota alimwuliza kwa nini kwenye picha ya darasa la mwaka uliopita kuna msichana mwenye utepe ambaye hatumjui. Mavis alitazama mlango kwanza.

"Huyo Inez," alisema kwa mikono. "Alishindwa kusema. Akapelekwa nyumba ya nyuma."

Halafu akapitisha kidole chake kuanzia utosini, katikati ya pua, mpaka kidevuni. Akaonyesha darasani kwetu, juu, mahali kabati lilipo.

Mwenzangu unayesoma, usicheke. Wewe ulikuwa na mama wa kukuuliza umeota nini na kukuambia hayo ni ya uongo. Sisi hakuna mtu mzima aliyeweza kutuambia lolote zaidi ya P na B. Tulichokiona kwa macho ndicho tulichokijua, na tuliona kichwa kimepasuliwa, msichana hayupo, na bomba la nyumba ya nyuma linatoa moshi kila siku. Tulijumlisha wenyewe. Tangu siku ile Leota hakucheka tena mbele ya mshumaa. Mwalimu aliposhusha kichwa mezani tulikuwa tunalitazama lile jicho lililofumbwa tukijaribu kukumbuka Inez alifananaje pichani.

Mwezi wa tano ilikuwa Siku ya Wageni. Ndiyo siku watoto wa darasa letu walipopimwa. Wageni watatu waliketi wametupa mgongo, wasiweze kusoma midomo, kila mmoja na karatasi. Mtoto alisimama, akasema sentensi yake, nao wakaandika walichosikia. Wakiandika sawa, unabaki nyumba ya mawe. Wakiandika vingine, nyumba ya nyuma, na unapelekwa papo hapo. Mavis alitueleza hayo wiki mbili kabla, na kwa wiki hizo mbili Leota alikojoa kitandani kila siku, mimi nikawa nang'ata ndani ya shavu mpaka nikaonja damu. Tulikuwa tunaenda chooni pamoja kujipima. Yeye ananiwekea mkono kooni, mimi namwekea yeye. Yeye K yake ilikuwa inakuja. Nilikuwa nauhisi mkono wangu ukipata lile pigo dogo, halafu kimya. Yangu haikuja.

"Fanya kama unakohoa," aliniambia kwa mikono.

Nikakohoa. Nikajaribu. Akatikisa kichwa, na macho yake yakajaa machozi, na hapo nikajua nimekwisha.

Sentensi ya mwaka ule ilikuwa hii: Kaka amekata keki kubwa. Mtu aliyeichagua simjui na simsamehi. Niliitwa kabla ya Leota kwa mpangilio wa majina ya ukoo. Nilisimama. Niliona migongo mitatu ya makoti, na juu ya kabati kichwa kimegeuzwa upande uliopasuliwa, ulimi wazi wageni wauone. Nikavuta pumzi, nikasema. Migongo haikutikisika. Kalamu zikaandika. Mkuu wa shule alikusanya karatasi, akazisoma, na midomo yake ikajikaza namna watu wenye adabu wanavyozuia kicheko. Baadaye sana niliambiwa mgeni mmoja aliandika: Tata ametata teti tubwa.

Mwalimu Prudden akanishika mkono. Nilimng'ata. Nilimng'ata hasa, mpaka mfupani, na alama anayo kaburini. Wakaja wawili, wakanibeba kupita uwanja wa nguo, na niligeuka nikamwona Leota dirishani, uso mweupe kama shuka, mikono yake miwili ameshika kichwa chake pande zote mbili, kama anayekizuia kisifunguke. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona ananitazama kwa miaka ishirini.

Mlango wa nyumba ya matofali ukafunguliwa na mwanamke mnene aliyevaa aproni, unga mpaka kwenye viwiko. Nilitafuta msumeno. Nyuma yake kulikuwa na jiko kubwa, ndilo lenye bomba, na meza ndefu, na watoto kama ishirini, na mikono yao yote ilikuwa hewani. Walikuwa wanaongea. Wanaongea waziwazi, wanakatizana, wanatukanana, mmoja anasimulia kitu mwingine anampiga bega amalizie. Na mwisho wa meza, na kichwa chake chote, alikuwepo Inez, anatafuna mkate wa mahindi, asali ya miwa inamtiririka kidevuni.

Yule mwanamke akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akasema kwa mikono, polepole, "Mimi Mama Tripp. Kiziwi kama wewe. Jina lako?"

Sikuwa na jina la mkono. Akaniangalia, akaona pengo la meno yangu ya mbele, akagonga jino lake mara mbili. Hilo ndilo jina langu hadi leo, na halina K wala G.

Siku tatu nilikaa nimejishika uso. Ya nne nikamwuliza Inez kuhusu kichwa, naye akamwita Mama Tripp, na Mama Tripp alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Alipomaliza kucheka akalia kidogo pia, niliona. Akanipeleka stoo. Kulikuwa na kichwa kingine, cha zamani, kimevunjika. Akakipindua. Ndani kilikuwa cheupe, kitupu, na chini kimebandikwa karatasi yenye namba na jina la duka. Plasta tu. Akabandua sikio la kichwa kile lililokuwa linaning'inia, akalikwaruza sakafuni, likaandika kama chaki. Akanipa. Ndilo sikio pekee nililopata kumiliki, na kuandika liliandika vizuri.

Jambo la kwanza nililofikiri ni Leota. Dirisha letu la jikoni lilitazamana na la darasa lake, uwanja katikati, hatua arobaini. Asubuhi iliyofuata nilipanda kwenye benchi, na alipotokea dirishani nikamwambia kwa mikono, kubwakubwa: Inez yupo hapa, mzima, kichwa ni plasta, kuzuri, usiogope. Akageuka. Kesho yake nikarudia. Nikamleta Inez mwenyewe akasimama nami. Leota alipita dirisha lile ameinamisha macho sakafuni. Nilifanya hivyo kila asubuhi miaka miwili, mvua na theluji. Halafu nilichoka. Nikasema anaringa kwa sababu yeye anasema kwa kinywa na sisi ni watu wa mikono. Nikashuka kwenye benchi, nikaenda kula. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita mwenye maringo, kwa hiyo nikiwakaripia watu wa klabu najikaripia mwenyewe.

Yeye alifaulu. Sentensi yake karatasi zote tatu ziliiandika sawa, na tangu siku hiyo ndiye aliyetolewa kila Siku ya Wageni asimame karibu na kichwa na kusema. Alisema hadi alipofika miaka kumi na minane. Baadaye akapata kazi kiwandani, kushona soli za viatu, akaolewa na Dwight, mtu anayesikia, mpole, anayemwambia "rudia" mara mia kwa siku. Hakuwa na rafiki kiziwi hata mmoja. Nyumbani, dukani, kanisani, kila alipotaka kusema alitangulia kuweka mkono kooni kujihakiki.

Mkono huo ndio niliomjulia. Mwaka 1957 nilipata kazi kiwanda hichohicho. Siku ya pili, kwenye foleni ya chakula, mwanamke mbele yangu alikuwa anaagiza supu, vidole viwili vimegusa shingo. Nikamgusa bega. Alipogeuka na kuniona pengo, trei ikamwanguka. Alinigusa uso, paji, pua, kidevu, taratibu, akishuka kwenye mstari wa katikati. Nilidhani ni furaha ya kuonana.

Akaanza kuja jikoni kwangu Jumamosi. Ishara alizokuwa nazo zilikuwa za chumba cha makoti, za mtoto wa miaka minane, nikamfundisha nyingine huku tunamenya tufaha. Alijifunza upesi, ila mikono yake ilikaa chini, karibu na tumbo, kama anaficha kitu, na gari likipita nje akaona mwanga dirishani, aliishusha mapajani haraka. Mtu mzima, mwenye mume, ndani ya nyumba yangu. Jumamosi moja, baada ya miezi mitano, aliweka kisu chini.

"Garnet, nikuulize. Usinicheke."

"Uliza, shoga."

"Kile kichwa." Alitazama dirisha kwanza. "Kilikuwa cha Inez?"

Sikucheka. Nilimwambia Inez yuko Dayton, ana watoto wanne na mikono isiyo na breki, na kila Krismasi hutuma keki ngumu isiyolika. Nikamwambia habari ya jiko, mkate, na Mama Tripp juu ya gunia. Nilimweleza yote, mpaka tulivyokuwa tunatukanana mezani, na nikamwona uso unabadilika polepole, nikatamani ningenyamaza.

"Nilijua ni plasta," alisema. "Mtu mzima anajua. Lakini kila nikifungua kinywa nakiona. Hata nikimwambia Dwight chakula tayari. Najiambia, Leota, ukikosea tu." Akapitisha kidole usoni mwake kama Mavis. Kisha akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona kwake kabla wala baadaye. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila asubuhi, dirishani, miaka miwili. Hukutazama."

Alikusanya maganda ya tufaha yote rundo moja.

"Nilitazama," alisema mwishowe. "Siku ya kwanza. Nilikuona umesimama unaita, unaita. Nilidhani wamekulazimisha. Nilidhani wanakutumia wewe ili nije." Akakigeuza kisu mezani. "Nikafumba macho. Na siku zote nilizopita pale, nilikuwa nafumba macho."

Mwenye masikio labda hataelewa. Sisi tukifumba macho hakuna kinachobaki. Nilikuwa hatua arobaini kutoka kwake na habari njema mikononi, naye amejifungia gizani, mchana kweupe, akijifunza K.

Nikaenda chumbani nikaleta lile sikio. Nilimwekea kiganjani. Aliligeuza akaona ndani kulivyo kweupe na kutupu. Akalikwaruza juu ya meza yangu, likaacha mstari, akaufuta kwa kidole, akachora tena. Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka kooni pake, akasema jina langu. Nilihisi lile pigo la nyuma, la G, na mtetemo unafuata, na mtetemo ukaendelea hata baada ya jina kwisha, kwa sababu alikuwa analia. Sijui jina lilitoka sawa au la. Hakuna kati yetu aliyeweza kujua.

Alipoondoka jioni ile alilitia sikio kwenye mfuko wa koti. Bado analo. Akiwa klabuni, mkono mmoja uko kooni na mwingine uko mfukoni, na uso uko mlangoni palepale. Nikimwona hivyo nahamisha kiti changu, nakaa mbele yake, naanza kumsemesha, na siachi mpaka anitazame.